Ndege Ilipima Moshi wa Uganda. Je, Ndio Huu Tunaouvuta Daraja Mbili?

Mama mwenye nyumba wangu hapa Daraja Mbili ana mtoto wa miaka sita mwenye pumu. Kiangazi kilichopita, asubuhi moja ambayo Meru ilikuwa haionekani kabisa, alinikuta bombani nachota maji akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiye unayesomea mambo ya hewa? Hebu niambie, huu moshi ni wa mlimani unakoungua, au ni wa hawa majirani wanaochoma taka?" Usiku ule mtoto alikuwa hajalala. Mama alitaka kujua kama afunge madirisha, au ampeleke mtoto kwa bibi yake mpaka mlima upoe, au aende akagombane na jirani. Ni maamuzi matatu tofauti kabisa, na yote yanategemea jibu moja.

Nikamwambia, "Shikamoo mama, ngoja nikasome." Nilienda kusoma kweli, na makala haya yametokana na kusoma huko. Nilichokitafuta ni utafiti wowote uliowahi kupima moshi wa moto wa porini hapa kwetu Afrika Mashariki, upimwe kwenye moshi wenyewe, maana kukisia kwa picha za setilaiti kunaacha mengi. Nimepata mmoja mzuri sana. Nataka nikuonyeshe uzuri wake, halafu nikuonyeshe ni kwa nini haukunisaidia kumjibu mama.

Utafiti wenyewe ulichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Atmospheric Chemistry and Physics, mwandishi wa kwanza akiwa Patrick Barker wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Ni sehemu ya mradi mkubwa wa kufuatilia gesi ya methani ulioitwa MOYA. (Sikio la Kiswahili linasikia "moyo" iliyokosewa herufi. Wazulu watakwambia kwao "umoya" ni upepo, ni hewa, ni roho pia.) Waandishi walitumia ndege ya utafiti ya Waingereza, BAe 146 yenye injini nne, inayotunzwa na kituo kinachoitwa FAAM. Ndani, badala ya viti vya abiria, imejaa makabati ya vifaa, na kwenye bodi kuna mabomba yanayovuta hewa ya nje na kuipeleka moja kwa moja kwenye vifaa hivyo. Walipita kwenye moshi wa Senegal Februari na Machi 2017, na kwenye moshi wa Uganda Januari 2019.

Hebu fikiria kazi yenyewe ilivyo. Ndege ya namna hiyo ikiwa kazini huenda kama mita 100 kwa sekunde. Moshi wa shamba au kichaka kinachoungua, ukiwa na upana wa mita 500, unaupita kwa sekunde tano tu. Ndani ya sekunde hizo tano kifaa kinatakiwa kione kaboni dayoksaidi ikipanda, kaboni monoksaidi ikipanda, methani ikipanda, halafu zote zishuke tena kwenye hewa ya kawaida. Kifaa cha polepole kitakuonyesha kilima kimoja kilichofifia, na hutajua kipi kilianza na kipi kilifuata. Rubani naye lazima arudi apite tena, na tena, huku hewa ya juu ya moto inarusha ndege kama daladala kwenye barabara ya vumbi.

Swali ambalo wengi huniuliza ni hili: moshi unatawanyika, sasa ukipimwa mita 200 kutoka kwenye moto au kilometa mbili, si utapata majibu tofauti? Ndiyo, kiasi kitatofautiana. Ila uwiano hautofautiani sana. Ni kama chai ya maziwa. Ukiiongezea maji inakuwa nyepesi, lakini uwiano wa maziwa kwa majani uliyoweka mwanzoni unabaki vilevile. Kwa hiyo wanasayansi hawahesabu gesi peke yake. Wanauliza: kwa kila kaboni dayoksaidi iliyoongezeka juu ya hewa ya kawaida, kaboni monoksaidi imeongezeka kiasi gani, na methani kiasi gani? Halafu wanarudi nyuma mpaka kwenye kuni: kilo moja ya majani makavu ikiungua, inatoa gramu ngapi za kila gesi?

Majibu yao kwa Uganda ni haya: kilo moja ya mimea mikavu ilitoa kwa wastani gramu 1,610 za kaboni dayoksaidi, gramu 78 za kaboni monoksaidi na gramu 3.1 za methani. Kwa Senegal ilikuwa 1,633, 67 na 1.8. Usishtuke kwamba kilo moja imetoa zaidi ya kilo moja na nusu ya gesi. Uzito wa ziada ni oksijeni iliyochukuliwa hewani.

Tazama methani. Uganda ni karibu mara 1.7 ya Senegal. Zote mbili zingeweza kuandikwa "moto wa savana, Afrika" kwenye jedwali moja na maisha yakaendelea, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Namba nyingi tulizokuwa nazo za moshi wa bara hili zilitoka kusini. Kwenye kampeni ya SAFARI 2000, kwa mfano, ndege ya Chuo Kikuu cha Washington, Convair-580, ilipima moshi wa savana za kusini mwa Afrika kati ya Agosti na Septemba 2000. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini majani ya kusini si majani ya Uganda, unyevu si uleule, na moto wa Agosti si moto wa Januari. Kwa hili peke yake utafiti wa Barker na wenzake unastahili pongezi: umeonyesha kwa namba kwamba wastani mmoja wa bara zima unaficha mambo. Pia walipima nitrasi oksaidi kwenye moshi wa Uganda, jambo ambalo ni nadra.

Sasa nianze kulalamika.

Chukua kikokotoo cha simu yako, tufanye hesabu ambayo mtu yeyote wa kidato cha tatu anaiweza. Katika kila gramu 44 za kaboni dayoksaidi, gramu 12 ni kaboni. Basi 1,610 mara 12 gawanya kwa 44 ni 439. Kaboni monoksaidi: 78 mara 12 gawanya kwa 28 ni 33.4. Methani: 3.1 mara 12 gawanya kwa 16 ni 2.3. Jumlisha. Unapata takriban gramu 475. Rudia kwa Senegal. Unapata 475 tena!

Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Nchi mbili, miaka miwili tofauti, majani tofauti, kaboni ileile? Halafu nikakumbuka njia yenyewe inavyofanya kazi. Ndege haiwezi kujua kilo ngapi za majani zimeungua huko chini. Kwa hiyo mtafiti anaanza na dhana: nusu kasoro kidogo ya uzito wa mmea mkavu ni kaboni, asilimia 47.5, na kaboni yote hiyo imetoka kama gesi hizi tatu. Kisha uwiano uliopimwa na ndege unatumika kuigawa hiyo kaboni kwenye mafungu matatu. Jumla ni lazima iwe 475, kwa sababu ndiyo iliyowekwa mwanzoni.

Si udanganyifu, usinielewe vibaya. Njia hii inatumika dunia nzima na waandishi wanaitaja wazi. Lakini angalia inavyoathiri kiwango cha shaka. Kwenye kaboni dayoksaidi ya Uganda wameandika 1,610, kosa la juu au chini 169.7, yaani zaidi kidogo ya asilimia 10. Kwenye ufanisi wa uunguaji, ambao unahitaji uwiano wa gesi mbili tu na hauhitaji ile dhana ya kaboni, wameandika 0.93, kosa 0.004. Hiyo ni chini ya nusu asilimia! Ndege ilipima kwa umakini wa ajabu. Shaka karibu yote imetoka kwenye jani ambalo halikupelekwa maabara. Mtu mmoja mwenye panga, gunia na mzani, angekata majani ya jirani na moto ule na kuyapeleka yakapimwe kaboni, angepunguza shaka hiyo kuliko saa nyingine za kurusha ndege. Kwa wanafunzi wenzangu wanaolia kwamba hawana vifaa vya gharama, sehemu hii wairudie mara mbili.

Na kuna kaboni ambayo haijahesabiwa popote: ile iliyo kwenye masizi, na ile iliyobaki chini kama makaa. Kwa hesabu ya gesi joto upungufu huo ni mdogo, unavumilika. Kwa mama mwenye nyumba wangu, hicho kilichoachwa ndicho kinachomhusu. Anayekohoa hakohoi methani. Kinachoingia kwenye mapafu ya mtoto ni chembechembe ndogo kuliko mikromita 2.5, zile ambazo Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilipendekeza zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Utafiti huu unatoa namba za gesi nne na haukupewa kazi ya kutoa namba ya chembe. Ni haki yao, mradi ulikuwa wa methani. Kosa ni letu sisi tunaosoma kichwa cha habari "ndege yapima moshi wa Afrika" na kudhani afya yetu ilikuwa ndani. Moshi uliopimwa ni ule unaopasha dunia joto. Unaobana kifua ulipita kwenye bomba hilohilo.

Hapo mtu atasema: si tukope namba ya chembe kwingine? Inawezekana. Orodha inayotumika sana, ya Akagi na wenzake ya mwaka 2011, inasema savana hutoa takriban gramu 7 za chembe hizo kwa kilo, na msitu wa tropiki kama 9. Lakini hapa tunafika kwenye lalamiko langu kubwa, ambalo ni la mlima.

Meru si savana. Ukipanda kutoka geti la Momella unapita msitu mnene wenye ukungu, miti imening'iniza mandevu ya kuvu, halafu unaingia kwenye vichaka vya erika, kisha majani magumu ya mafungu mafungu, kisha mawe na majivu ya volkano. Chini ya erika kuna tabaka la majani yaliyooza, mizizi na udongo mweusi. Moto ukishika pale, miali inapita haraka juu, watu wanashangilia kwamba umezimwa, kumbe chini unafukuta. Unafukuta siku, pengine wiki. Waliokwenda kuzima ule moto wa Kilimanjaro ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha Mweka, wanaijua kazi hiyo: unageuza udongo kwa jembe ili kuona kama kuna kaa hai chini.

Kufukuta kunabadilisha kila kitu kwenye moshi. Ule ufanisi wa uunguaji wa 0.93 maana yake ni kwamba katika kila atomi 100 za kaboni zilizotoka kama kaboni dayoksaidi au kaboni monoksaidi, 93 ni za dayoksaidi na 7 za monoksaidi. Miali safi hukaribia 0.99. Moto wa kufukuta uko karibu na 0.8, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo monoksaidi, methani na chembe zinavyopanda. Mama yako anayepuliza kuni mbichi jikoni anaijua fizikia hii kuliko mimi.

Tufanye mfano. TANAPA ilitangaza kwamba moto ule wa 2020 uligusa kilometa za mraba 95.5, yaani hekta 9,550. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kila hekta iliunguza tani 20 za mimea mikavu. Ni tani 191,000. Ukitumia namba ya Uganda, gramu 78 kwa kilo, unapata takriban tani 14,900 za kaboni monoksaidi. Ukitumia namba ya udongo wa mboji unaofukuta kwenye orodha ya Akagi, gramu 182, unapata karibu tani 34,800. Ukweli wa Kilimanjaro uko mahali fulani katikati, kwa kuwa kuna kilichowaka na kuna kilichofukuta. Lakini pengo hilo ni zaidi ya mara mbili! Kuichukua namba ya Uganda yenye kosa la asilimia 11 na kuibandika kwenye mlima wetu, ukabaki na ile "asilimia 11" kana kwamba bado ni kweli, ni kujidanganya.

Na ndege ingeweza kuja kupima kufukuta? Hapa ndipo penye mtego ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Ndege hupima moshi uliopanda. Moshi hupanda ukiwa na joto la miali chini yake, mchana, jua likiwa limechemsha hewa. Moshi wa kufukuta hauna nguvu hiyo. Unatambaa. Jioni mteremko wa mlima unapoa, hewa iliyopoa inakuwa nzito, inaanza kuteremka kufuata makorongo na mito kama maji, na inaubeba moshi kuuleta mjini. Unafika kwetu usiku wa manane, unakaa chini ya kifuniko cha hewa ya joto mpaka jua lipande saa tatu au saa nne. Nani atarusha ndege ya injini nne saa nane usiku kwenye makorongo ya Meru, kimo cha kupita juu ya mapaa ya watu? Hakuna, na asithubutu. Kwa hiyo ndege, kwa maumbile yake, inaona zaidi moshi wa mchana unaokwenda juu na kuondoka, na inaukosa ule wa usiku unaokuja chini kulala na sisi. Moshi huu wa usiku ndio mama alioniuliza.

Nisieleweke kwamba ndege haina maana Arusha. Uwanja wa Kisongo kila asubuhi unarusha ndege ndogo za watalii kwenda Serengeti. Moja yenye bomba dogo la kuvuta hewa na kifaa cha kupima kaboni monoksaidi ingetupa picha ya tabaka za moshi juu ya mji ambayo hakuna kifaa cha juu ya paa kinachoweza kuitoa. Lakini ianze na paa. Wenzetu wa Makerere, mradi wa AirQo, wameonyesha kwamba vifaa vya bei nafuu vya kupima chembe vinaweza kutengenezwa na kutunzwa hapahapa Afrika Mashariki. Weka kimoja Olmotonyi, karibu na msitu. Kimoja Ilboru, kwenye mteremko. Kimoja Daraja Mbili. Halafu soma saa.

Nasema soma saa kwa sababu alama za kikemia za moshi wa kuni hazitutoshi hapa. Kuni za msituni na kuni za jikoni zote ni kuni, maabara haitazitenganisha kirahisi. Saa inaweza. Moshi wa jikoni na wa mishkaki unapanda jioni watu wanapopika, unashuka watu wakilala. Wa jirani anayechoma taka ni mwiba mmoja mkali, unakuja na kupotea, na Olmotonyi hauonekani kabisa. Wa mlimani ungeanza Olmotonyi, ukafika Ilboru baadaye, ukafika kwetu baadaye zaidi, ukakaa. Ukiona mawimbi matatu yanafuatana usiku kwa mpangilio huo, mama amepata jibu lake bila ndege. Mkaa nao una tabia yake: monoksaidi nyingi, chembe chache. Ukiwa na vifaa viwili, cha chembe na cha monoksaidi, hata huo unauona.

Hili ndilo jambo ninalolitafuta bila kulipata kila nikisoma tafiti za ndege, huu wa Uganda ukiwemo. Zinajibu vizuri swali la nini kinatoka kwenye moto. Swali la nini kinafika puani, saa ngapi, kwa nani, linaachwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine kwa kawaida hayupo.

Jumamosi nilimrudia mama nikamweleza yote, bila hesabu za 44 na 28. Nikamwambia ukweli: mpaka sasa siwezi kumwambia ni wa mlima au wa jirani, ila moshi ukianza usiku bila watu kupika, afunge dirisha la upande wa mlimani na alifungue saa nne jua likishapanda. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akauliza hicho kidude cha kuweka kwenye paa kinakula umeme kiasi gani, maana luku yake inagawanywa na wapangaji watano. Nikamwambia kidogo sana, kama chaja ya simu.

"Basi mkikipata," akasema, "kiwekeni hapa kwangu. Ila kiwe juu, watoto wasikifikie."